Biolojia ya chuo mtandaoni kwa asiyesomea sayansi: uchague kozi ipi?

Ukizipanga kozi za biolojia za mwanzo zinazofundishwa mtandaoni, kwa haraka zote zinafanana. Kila moja inaahidi seli, jeni, mageuko na ikolojia. Kila moja inasema utasoma kwa nafasi yako. Mwanafunzi wa uhasibu, historia, muziki au sheria, ambaye anahitaji somo moja tu la sayansi ili ahitimu, anaishia kupima vitu viwili: ada na tarehe ya kuanza. Nami nilichagua hivyo mara ya kwanza, nikaiacha kozi katika wiki ya tatu. Mara ya pili nilipima kitu kingine, nikamaliza, na hadi leo nikisoma habari ya chanjo au ya vipimo vya jeni najua kinachozungumzwa.

Kitu hicho ni maabara. Tangu wakati huo nimewasaidia wenzangu wengi wa fani zisizo za sayansi kuchagua, na swali ninaloanza nalo ni lilelile: maabara inafanyikaje, na nani anazisoma ripoti zako? Mengine yote, yaani video, kitabu, mpangilio wa wiki, yana uzito wake, na nitayalinganisha hapa chini. Lakini kozi mbili zenye video nzuri sawasawa zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana kwa sababu ya maabara peke yake.

Kwanza, hakikisha ni kozi yako

Vyuo vingi vina biolojia ya mwanzo mbili: moja ya watakaoendelea na sayansi, nyingine ya wengine wote. Majina yao hukaribiana sana, na mtandaoni hakuna mtu wa kukushika bega akuambie umeingia darasa lisilo lako. Tofauti yake iko kwenye kina. Chukua upumuaji wa seli, yaani namna seli inavyopata nishati. Kozi ya wanasayansi itakutaka uufuate mzunguko wa Krebs, ambao ni mfuatano wa kemikali ndani yake, hatua kwa hatua, na vimeng'enya vyake (protini zinazoharakisha kemikali hizo) kwa majina. Kozi ya wasiosomea sayansi itakuuliza kinachoingia, kinachotoka, na kwa nini mtu akizibwa hewa dakika chache ubongo unaanza kufa. Swali la pili si rahisi kuliko la kwanza. Ni swali la aina nyingine, na ukilijibu vizuri utalikumbuka maisha yako yote.

Kuna jambo moja la kuangalia hapa kabla hujasonga mbele. Kama kuna hata dalili ndogo kwamba utahamia uuguzi, famasia, lishe au fani nyingine ya afya, usichukue kozi ya wasiosomea sayansi. Mara nyingi fani hizo haziikubali kama msingi, na utalazimika kuanza upya. Nimeona watu wakirudia mwaka mzima kwa kosa hili.

Ukishajua ni yako, utakuta tena mgawanyo wa ndani. Kozi moja inapita juu ya biolojia nzima, kuanzia atomu hadi misitu, na nyingine inashika mada moja, kama biolojia ya binadamu, mazingira, au jeni na jamii. Mimi napendelea ya mada moja kwa mtu asiyekusudia kusoma sayansi tena. Kozi ya kupitia kila kitu inakupa sura ishirini na maneno mapya mamia, nawe unayabeba hadi siku ya mtihani kisha unayatua. Kozi ya biolojia ya binadamu itakufundisha seli, jeni na kinga ya mwili vilevile, ila kila neno jipya lina mahali pa kukaa kwa sababu mwili unao mwenyewe. Mwenye udadisi mpana, anayefurahia kuvu leo na nyangumi kesho, huyo achukue ile pana bila wasiwasi.

Jaribio moja, maabara tatu

Maabara za kozi za mtandaoni ni za namna tatu: ya kwenye skrini, ya kifurushi kinachotumwa nyumbani, na ya kwenda chuoni siku chache za muhula huku masomo mengine yakibaki mtandaoni. Njia nzuri ya kuzilinganisha ni kulichukua jaribio moja linalofanyika katika zote. Nitachukua la osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli, kwa viazi, kwa kuwa nimelifanya kwa namna mbili na kulishuhudia kwa ya tatu.

Jaribio lenyewe ni hili. Unakata vipande vya kiazi vilivyo sawa, unavipima uzito, unaviweka kwenye vikombe vyenye maji ya chumvi ya viwango tofauti kuanzia maji matupu, unaviacha kwa saa kadhaa, unavipima tena. Kipande cha kwenye maji matupu kinanenepa kwa kuwa maji yanaingia ndani ya seli. Cha kwenye chumvi nyingi kinanywea. Ukichora grafu ya mabadiliko ya uzito kwa asilimia, mahali mstari unapokatiza sifuri ndipo chumvi ya nje inapolingana na hali ya ndani ya seli. Ni jaribio la kawaida kabisa, lakini ndani yake mna utando wa seli, mna hesabu, na mna sababu ya maji ya kuwekewa mgonjwa mshipani kuwa na chumvi kiasi cha 0.9% badala ya kuwa maji matupu.

Kwenye skrini, nilibofya kisu, kiazi kikakatika vipande vitano vinavyolingana kama vimepigwa chapa. Nikavivuta kwa kipanya hadi kwenye vikombe. Saa ya kwenye skrini ikazunguka kwa sekunde nne. Uzito ukajiandika wenyewe kwenye jedwali, grafu ikajichora, mstari ukanyooka. Likaja swali la kuchagua jibu, nikachagua, nikapata alama zote. Ilichukua dakika kumi na nane. Wiki iliyofuata sikuweza kumweleza mtu kwa nini kipande cha kwanza kilinenepa.

Kwa kifurushi, jaribio lilinichukua jioni moja na asubuhi yake. Mizani ndogo iliyokuja nayo ilisoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Kipande cha maji matupu kilikuwa gramu 4.0, asubuhi kikawa 4.4, yaani ongezeko la 10%, nami nikafurahi kama mtoto. Ila kipande cha kikombe cha nne, ambacho kilipaswa kunywea kuliko cha tatu, kilionekana kimepungua kwa kiasi kidogo kuliko hicho cha tatu. Nilikipima mara tatu. Nikaandika kwenye ripoti kwamba huenda kiazi kilikuwa na hitilafu. Mkufunzi akarudisha ripoti na sentensi moja pembeni: "Ulivikausha vyote kwa namna moja kabla ya kupima?" Sikuwa nimefanya hivyo. Vitatu vya kwanza nilivifuta kwa karatasi, cha nne nilikitoa na kukiweka kwenye mizani kikiwa bado kinadondosha maji. Sehemu tatu za kumi za gramu za maji ya juujuu zilikuwa zimenidanganya.

Sentensi ile moja ilinifundisha sayansi kuliko sura mbili za kitabu. Nilielewa maana ya kudhibiti jaribio, na nikaelewa kwa nini watafiti wanatumia nusu ya maandishi yao kueleza walivyopima. Ndiyo sababu swali langu lina sehemu mbili. Kifurushi bila mtu wa kusoma ripoti ni kisanduku cha vikombe tu. Kuna kozi zinazotuma kifurushi kizuri kisha kinachosahihishwa ni picha yako ukiwa umeshika kikombe, kuthibitisha kwamba ulifanya. Kwangu hiyo haipiti ya skrini kwa kiasi kikubwa.

Chuoni, nililishuhudia jaribio hilohilo nilipomsindikiza rafiki yangu kwenye siku zake mbili za maabara. Mizani ilisoma hadi sehemu ya mia. Kila meza ilikuwa na vipande vyake, na mwishoni namba za meza zote ziliandikwa ubaoni zikatolewa wastani. Hapo ndipo mwanafunzi anapoona kwa nini jaribio moja halitoshi: meza moja ilikuwa na namba za ajabu, lakini wastani wa meza nane ulikaa sawa. Na mkufunzi alikuwa anapita, anaona mkono wa mtu unavyokosea wakati uleule unapokosea.

Kwa hiyo maabara ya chuoni ni bora, kwa anayeweza kufika. Hadubini peke yake inatosha kuamua. Hadubini za kawaida za darasani zinakuza hadi mara 400, na ukiitazama ngozi ya kitunguu unauona ukuta wa seli na kiini chake waziwazi. Vifurushi vingi vina hadubini hafifu au havina kabisa. Baadhi ya walimu hutumia Foldscope, hadubini ya karatasi iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford, inayokuza mara 140 hivi. Kwa seli za kitunguu na za ndani ya shavu inakufaa, kwa bakteria hapana. Tena kuna kazi ambazo hazifai kufanyiwa nyumbani, kama kuotesha bakteria usiowajua, hasa penye watoto.

Lakini nisiionee maabara ya skrini. Kuna mada ambazo yenyewe ndiyo inayoshinda, nazo ni zile ambazo muda ni mrefu au idadi ni kubwa. Gregor Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, alipohesabu mbegu za njegere alipata 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, karibu kabisa na tatu kwa moja. Alihitaji mimea mingi na miaka. Inzi wa matunda, ambao ndio kipenzi cha maabara za jeni, wanachukua siku 10 hivi kwa kizazi kimoja, na hakuna anayetaka kuwafuga jikoni. Kwenye skrini unazalisha inzi elfu kwa dakika, unaona uwiano ukiyumba pale idadi inapokuwa ndogo na kutulia inapokua. Vivyo hivyo kwa uteuzi asilia na kwa ongezeko la idadi ya viumbe. Kozi ninayoiamini zaidi ni ile inayochanganya: osmosisi, vimeng'enya na hadubini kwa mikono, jeni na mageuko kwa skrini. Ukiona kozi imefanya mchanganyo wa namna hiyo, ujue aliyeipanga anaijua kazi yake.

Sharti moja la kiofisi: ikiwa chuo chako kinataka sayansi "yenye maabara", uliza kwa maandishi kama kinaikubali maabara ya skrini. Vingine vinakubali, vingine vinataka ya mikono, na jibu la mdomo halitakusaidia siku ya kuhitimu.

Wiki 15, 8 au 5

Hapa hesabu inasema yenyewe. Katika mfumo wa Marekani, krediti moja, yaani kipimo cha uzito wa kozi, inakadiriwa kuwa saa moja ya darasa na saa mbili za kazi nje ya darasa kila wiki, kwa wiki 15 hivi, yaani saa 45. Kozi ya biolojia yenye maabara huwa krediti 4, basi ni saa 180. Mfumo wa Ulaya unahesabu saa 25 hadi 30 kwa krediti moja, na kozi ya krediti 6 inaangukia palepale, saa 150 hadi 180. Sasa gawanya 180. Kwa wiki 15 ni saa 12 kwa wiki. Kwa wiki 8 ni saa 22 na nusu. Kwa wiki 5 ni saa 36, ambayo ni ajira kamili.

Kozi niliyoiacha ilikuwa ya wiki 5. Tangazo lilisema "kamilisha sayansi yako haraka", na mimi nilikuwa na kazi ya mchana. Sikuacha kwa sababu biolojia ni ngumu. Niliacha kwa sababu mgawanyiko wa seli ulikuja Jumatatu, meiosisi (mgawanyiko unaotoa mayai na mbegu za uzazi) Jumanne, sheria za Mendel Alhamisi, mtihani Jumapili. Meiosisi haiingii kichwani kwa siku moja. Unaisoma, unadhani umeielewa, unalala, unaamka umechanganya na mitosisi, ule mgawanyiko wa kawaida wa seli, unairudia. Kule kulala na kurudia ndiko kunakoijenga, na kozi ya wiki 5 inakunyima.

Majaribio nayo yana mwendo wake. Mbegu ikilinganishwa gizani na kwenye mwanga inahitaji wiki moja au mbili ili uone kitu cha kuandika. Kozi fupi inayaruka majaribio ya namna hiyo au inakuonyesha picha zake.

Wiki 8 nazikubali kwa mtu anayesoma kozi hiyo moja tu, au mbili kwa nyingi. Wiki 5 ningemshauri mtu mmoja tu: aliyewahi kuisoma biolojia vizuri sekondari na yuko likizo. Wengine wote, chukueni muhula mzima. Anayesema hana muda wa wiki 15 ndiye hasa asiye na muda wa wiki 5.

Mubashara au video

Watu wanabishana sana juu ya hili kuliko linavyostahili. Video zilizorekodiwa zinakuruhusu kusimamisha na kurudia, na kwa somo lenye maneno mengi mageni hiyo ni neema. Angalia urefu wake. Philip Guo na wenzake walichunguza mwaka 2014 namna watu wanavyotazama video za kozi kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, katika mitazamo milioni 6.9, wakakuta kwamba umakini unashikilia hadi dakika 6 hivi, baada ya hapo unapukutika. Kozi ambayo "video" zake ni mihadhara ya saa moja iliyorekodiwa darasani miaka iliyopita haikutengenezwa kwa ajili yako.

Kipindi cha mubashara kina thamani pale tu wanafunzi wanapofanya kitu. Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi, na mwaka 2014 wakaonyesha kwamba katika mihadhara ya kawaida wastani wa 34% ya wanafunzi walifeli, na katika madarasa ambamo wanafunzi wanashiriki, 22%. Madarasa hayo mengi hayakuwa ya mtandaoni, lakini sababu ni ileile: kichwa kinachoulizwa kinakaa macho. Mhadhara wa mubashara ambapo watu themanini wamezima kamera na mmoja anasoma slaidi ni video mbaya isiyoweza kurudishwa nyuma.

Nitatoa mfano wa kipindi kizuri. Mkufunzi alituuliza: mti mkubwa ulioanza kama mbegu, uzito wake wote umetoka wapi? Tukaandika majibu. Wengi tuliandika udongoni. Akatusimulia Jan Baptist van Helmont, mtafiti wa karne ya 17 aliyepanda mche wa mwerebi kwenye chombo cha udongo uliopimwa, akaumwagilia maji kwa miaka mitano. Mti uliongezeka kilo 70 na zaidi, udongo ukapungua gramu 57 tu. Yeye akahitimisha kuwa mti ni maji, naye akakosea kwa sehemu, kwa kuwa hakuifikiria hewa. Sehemu kubwa ya uzito wa mti uliokaushwa imetokana na kaboni dioksidi iliyoingia kupitia majani. Tulikaa na swali hilo dakika ishirini. Usanisinuru, ambao niliukariri tangu utotoni kama mlinganyo, siku hiyo nikauona. Kama kozi ina vipindi vya namna hiyo, hata kimoja kwa wiki, jitahidi uwe na wiki inayokuruhusu kuhudhuria.

Kuna faida nyingine ya kuwa na mwalimu wa kuulizwa papo hapo, nayo inatuhusu sisi tunaofikiri kwa Kiswahili. "Kupumua" kwetu ni mapafu. Kitabu kinaposema upumuaji wa seli, kinazungumzia seli inavyovunja sukari ili kupata nishati, na mwanafunzi anaweza kumaliza sura nzima akiwaza kifua kinachopanda na kushuka. "Nadharia" mtaani ni maneno yasiyo na vitendo. Katika sayansi, nadharia ya mageuko ni maelezo yaliyopimwa kwa ushahidi mwingi wa visukuku, wa maumbile na wa DNA. Video haitagundua kwamba umelielewa neno kwa maana ya nyumbani. Mtu atagundua, ukimwandikia sentensi mbili.

Mitihani

Hapa uamuzi wangu ni mfupi: chagua kozi yenye majaribio madogo mengi badala ya mitihani miwili mikubwa. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma kisha wakajipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliosoma na kurudia kusoma, ingawa waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi na nafsi zao. Biolojia ya mwanzo ina maneno mengi sana kuweza kuachwa hadi mwisho.

Uliza pia mtihani unasimamiwaje. Kozi nyingine zinatumia programu inayokutazama kwa kamera muda wote na inayotaka chumba kisicho na mtu mwingine. Kama unaishi na familia chumba kimoja, au intaneti yako inakatika, hilo si jambo dogo. Ni bora ulijue kabla ya kulipa ada.

Ya bure au ya chuo

Kozi za bure za biolojia ni nzuri kweli, na nyingine ni bora kuliko za kulipia. edX wamewahi kutoa kozi ya biolojia ya MIT iliyofundishwa na Eric Lander, kazi ya hali ya juu, ingawa ni ya kiwango cha wanasayansi. Khan Academy wana biolojia nzima bure. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice inatoa kitabu kiitwacho Concepts of Biology, kilichoandikwa mahsusi kwa wasiosomea sayansi, unakipakua bila kulipa, na vyuo kadhaa vinakitumia rasmi. Nikiwa na kozi mbili zinazolingana na moja inatumia kitabu hicho, naichukua hiyo.

Kasoro ya kozi za bure ni kwamba watu hawamalizi. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha mwaka 2019 takwimu za kozi za MIT na Harvard kwenye edX: kati ya wote waliojiandikisha mwaka wa masomo 2017–18, waliomaliza walikuwa kama 3%. Kati ya waliolipia cheti, walikuwa 46%. Uvivu hauelezi tofauti hiyo yote. Wengi hujiandikisha ili kuchungulia tu, na anayelipia mara nyingi ndiye aliyekuja na nia ya kumaliza. Tena kozi za bure kwa kawaida hazikupi krediti, na maabara zake, zikiwepo, ni za skrini.

Kwa hiyo mimi sizilinganishi kama wapinzani. Nazitumia kwa mfuatano. Mwezi mmoja kabla ya kozi ya chuo, pitia bure sura tatu tu: seli, mgawanyiko wa seli, na DNA hadi protini. Hizo ndizo zinazowaangusha wengi. Kwa meiosisi, chukua nyuzi za rangi mbili, zifanye kromosomu (nyuzi za DNA zinazobeba jeni), uzigawe mezani kwa mkono wako mara tano. Binadamu ana kromosomu 46, jozi 23, na kila jozi inaweza kugawanyika kwa namna mbili, kwa hiyo mzazi mmoja anaweza kutoa michanganyiko zaidi ya milioni 8 hata kabla ya kromosomu kubadilishana vipande. Ukishaziona nyuzi zikigawanyika, namba hiyo haikutishi tena, inakueleza kwa nini ndugu wa tumbo moja hawafanani.

Kwa wanaosoma katika vyuo vya Marekani ipo pia njia ya kufanya mtihani pasipo kozi: CLEP ya biolojia, maswali 115 kwa dakika 90, alama kuanzia 20 hadi 80, na 50 ndiyo inayopendekezwa kukubaliwa. Kila chuo kinaamua kivyake, na maabara haimo. Inamfaa anayeijua biolojia tayari. Anayetaka kujifunza haimfai.

Ningekupeleka wapi

Una kazi ya mchana, unaishi mbali na chuo, hukuipenda sayansi shuleni: kozi ya muhula mzima, ya mada moja, yenye kifurushi na mkufunzi anayesoma ripoti, video fupi, majaribio ya kila wiki. Usishawishike na wiki 5.

Unaweza kufika chuoni hata wikendi mbili kwa muhula: chukua ile yenye maabara ya chuoni na masomo ya mtandaoni, hata kama ni ghali kidogo au inaanza mwezi mmoja baadaye.

Una ulemavu au hali ya kiafya inayofanya kemikali na vyombo vya kioo kuwa shida, au unahamahama: maabara ya skrini ni chaguo halali kabisa. Tafuta tu ile inayokuacha ukosee, yaani inayokuruhusu kuchagua kipimo kibaya na kuona matokeo mabaya, badala ya ile inayokuvuta mkono hadi kwenye jibu.

Unataka kujua tu, cheti si hoja: ya bure, pamoja na mtu mmoja wa kusoma naye.

Kabla ya kujisajili, mwandikie mkufunzi wa kila kozi unayoifikiria barua pepe moja yenye maswali matatu. Naomba kuona maelekezo ya jaribio mojawapo la maabara. Ripoti inarudishwa baada ya siku ngapi, na inarudi na maoni au na alama tu? Nikikwama katikati ya wiki, namuuliza nani? Mimi nilipofanya hivyo mara ya pili, kozi mbili hazikujibu. Ya tatu ilinijibu asubuhi iliyofuata, na maelekezo ya jaribio la viazi yalikuwa yameambatanishwa.